Studio ya Sinza: kurekodi safi, mambo ya hakimiliki hamna kitu

Jamani hii studio ya Sinza jina naliacha, ila kwenye sauti wanajua. Tulipeleka kwaya yetu Jumamosi, watu 22 tumebanana chumba cha feni moja, fundi mpole kweli, soprano wakikosea anacheka tu "mama zangu turudie", na besi kazipanga mpaka mwalimu wetu akakosa la kusema. Hapo nyota zote.

Shida ni ile huduma yao ya kukupandishia video YouTube. Nikamuuliza kijana wa mapokezi vipi kibali, maana mtunzi wa wimbo mmoja yupo hai, eti "dada wimbo wa Mungu hauna mwenyewe, na kipande cha chini ya sekunde 30 hakina kesi". We! Hizo sekunde 30 hazipo popote kwenye sheria, Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, awe katunga taarabu au zaburi. Wakapandisha hivyohivyo, siku ya tatu simu inaita, mtunzi mwenyewe! Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe mzee wala hana kinyongo, alitaka tu aombwe na jina lake liandikwe.

Wimbo wa pili mtunzi kafa karne ya 19, ule huru, ila mjue tafsiri ya Kiswahili nayo ina mwenyewe.

Kurekodi nendeni, kupandisha pandisheni wenyewe. Na mbebe maji, ile feni ni pambo.