Paneli za sola kwa boti ya tanga yenye mota ya umeme Ziwani Kivu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mwenye nyumba Goma akitaka sola anapanda juu ya bati na kuchagua pahali panapopata jua. Mwenye boti ya tanga hana bati. Ana sitaha ya mita chache, mlingoti katikati, kamba kila upande, na tanga linalohamahama na upepo pamoja na kivuli chake. Ndiyo maana ushauri wa duka la mtaa wa Birere, ambao ni mzuri kabisa kwa nyumba ya mtaa wa Himbi au Katindo, unaweza kukupotezea dola nyingi ukiupeleka ziwani jinsi ulivyo. Mimi zimenipotea, na ninaandika ili zako zisipotee.

Kabla ya kuuliza bei, jua mota yako inakula nini. Boti yangu ina urefu wa mita 6.5, na ziwa likitulia inahitaji wati 400 hivi kwenda kilomita 5 kwa saa. Nikitaka kasi zaidi gharama inaruka: kwa kukadiria, ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayohitajika inapanda karibu mara nane. Anayetoka kwenye mota ya esansi (petroli) hushangazwa na jambo hili kuliko mengine yote. Pole pole ndiyo lugha ya umeme majini.

Sasa jua. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, siku ya kawaida inatoa kama saa nne na nusu za jua kamili, ukijumlisha asubuhi, mchana na jioni. Paneli ya wati 400 ukiizidisha kwa saa hizo, kisha ukaondoa robo inayopotea kwenye joto, waya na betri, unabaki na wati-saa 1,350. Kwangu hizo ni saa tatu na kidogo za mota, yaani kilomita 17 hivi. Goma hadi Bukavu kwa maji ni kama kilomita 100, na kwa mwendo huo ni wati-saa 8,000, jua la karibu siku sita. Kwa hiyo usinunue paneli ukitegemea ivuke ziwa zima bila upepo. Tanga ndilo linalovuka. Paneli inarudisha ulichotumia kutoka bandarini, kuzunguka ncha ya kisiwa cha Idjwi upepo ukikatika, na kuingia bandari ya Kituku, Goma, jioni. Hata chombo cha PlanetSolar, kilichozunguka dunia kwa nguvu ya jua tupu kati ya 2010 na 2012, kilihitaji paneli za mita za mraba 537 juu ya urefu wa mita 31, wala hakikuwa na tanga la kuzitilia kivuli.

Chombo cha kwanza cha kununua, basi, ni futi ya kupimia. Jua kamili linaleta wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za leo zinageuza asilimia 20 hadi 23 tu kuwa umeme. Maana yake, mita ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 230 hivi, hata lebo iseme nini. Niliwahi kuoneshwa paneli iliyoandikwa wati 300.

"Papa, hii ni mia tatu ya kweli, iko na garanti," kijana akaniambia.

Nikapima: mita 1.20 kwa mita 0.54. Hiyo ni mita za mraba 0.65, kwa hiyo haifiki hata wati 150. Kijana hakuwa mwongo. Aliamini lebo aliyoikuta. Usikasirike na muuzaji, ila usilipe wati ambazo hazina pahali pa kukaa kwenye kioo hicho. Bei nayo igawe kwa wati ulizopima mwenyewe, si kwa wati za lebo, ndipo ulinganishe duka na duka.

Nafasi ya kwanza ninaipa paneli ngumu ya kioo ya seli nyeusi, ile ya silikoni ya fuwele moja, yenye fremu ya alumini, ya ukubwa wa wati 100 hadi 200. Ya wati 100 ina uzito wa kilo 6 au 7 hivi, mtu mmoja anaibeba. Inakaa juu ya fremu ya mabomba nyuma ya boti, au pembeni kwenye vyuma vya kushikilia, na hewa inapita chini yake. Hewa hiyo ni pesa: kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, na seli juani hupata joto sana kuliko hewa inayozizunguka. Baridi ya Kivu, mita 1,460 juu ya bahari, inatusaidia, lakini haitoshi kama paneli imelala juu ya sitaha bila nafasi. Nyingine ni kwamba nne ndogo zinakuruhusu kugawa: mbili kushoto, mbili kulia, kila upande na regulateri yake, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri. Tanga likitia kivuli upande mmoja, upande mwingine unaendelea kuchaji kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo peke yake lingetosha kuziweka mbele. Huku usihangaike kuziinamisha kama wanavyofanya Ulaya. Jua letu linapita karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Mwinamo mdogo wa kuteremsha maji ya mvua unatosha.

Ya pili ni paneli kubwa za nyumba, wati 400 na kuendelea. Kwa kila wati ndizo za bei nafuu, na zinapatikana kila duka. Lakini ya wati 400 ina urefu wa mita 1.7, upana wa mita 1.1 na uzito wa kilo 20 na zaidi. Ukiweka mbili juu ya fremu iliyoinuka mita mbili, umepandisha kilo 40 juu ya boti ndogo, na fremu yenyewe bado hujaihesabu. Sisi wa Kivu hatuna ruhusa ya kupuuza uzito. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama watu wakitazama kutoka Kituku, kila ninapofunga kitu juu ya sitaha ninajiuliza kitafanya nini wimbi likija ubavuni. Paneli hizi ziache kwa boti pana: zile zenye miili miwili au mitatu, mfano wa mitumbwi ya kuvulia samaki wadogo wa sambaza iliyounganishwa, au boti ya mita 9 na zaidi. Huko ningeziweka nafasi ya kwanza bila kusita.

Zina mtego mwingine, nao ni volti. Paneli ya nyumba ya wati 400 inafanya kazi kwenye volti 31 hivi, na ikipata joto inashuka hadi 28. Betri ya volti 24 ikikaribia kujaa inataka zaidi ya 28. Kwa hiyo paneli moja haiijazi, lazima ziwe mbili kwa mfululizo ili volti zake zijumlishwe. Betri ya volti 48 inataka kama 57, na mbili kwa mfululizo zikiwa na joto zinafika 56 tu, hivyo unahitaji tatu, au regulateri inayopandisha volti. Zile ndogo za volti 18 ni rahisi: mbili kwa mfululizo kwa betri ya 24, nne kwa betri ya 48. Tena usiifunge paneli kubwa na regulateri ya bei ya chini ya PWM, isiyoweza kubadilisha volti za paneli, kwenye betri ya volti 12, maana zaidi ya nusu ya nguvu inapotea. Chukua ya MPPT, inayoshusha volti bila kupoteza nguvu hiyo, na uhakikishe volti za paneli zote za mfululizo bila mzigo hazifiki kikomo kilichoandikwa kwenye regulateri. Kikomo hicho kikivukwa, regulateri inaungua.

Nafasi ya tatu ni zile za kupindika. Hapa ndipo pesa zangu zilipokwenda. Nilizipenda kwa sababu ya uzito, kilo 2 kwa wati 100, nikazigundisha kwa gundi moja kwa moja kwenye sitaha. Msimu wa pili wa mvua zilikuwa zimevimba mapovu, zikawa na madoa ya kahawia, na umeme ukapungua hadi karibu nusu. Joto halikuwa na pa kutokea. Bado zina kazi yake: zishonee juu ya turubai la kivuli, hewa ipite chini, na uchague zenye ngozi ya ETFE, inayovumilia jua kuliko plastiki ya kawaida ya PET. Hesabu miaka michache tu ya kazi, wakati za kioo watengenezaji huziandikia miaka 25.

Za kukunja kama mkoba ninaziweka ya nne: nzuri kwa simu na taa ukiwa umetia nanga, hazifai kulisha mota. Za mwisho ni zilizotumika na zile za seli za bluu zinazouzwa kwa bei ya kuvutia. Seli za bluu si mbaya kwenye bati, ila kwa nafasi ileile zinatoa umeme mchache, na nafasi ndiyo usiyokuwa nayo.

Nenda kununua kati ya saa tano na saa nane mchana, anga ikiwa wazi, na multimeta (kipimo cha volti na ampea) mkononi. Toa paneli nje. Ya wati 100 inapaswa kuonesha kama volti 22 bila mzigo, na ukiunganisha nyaya zake mbili kupitia kipimo cha ampea, karibu 5.8. Zidisha hizo mbili, kisha uzidishe kwa 0.78, utapata wati zake halisi. Angalizo: multimeta nyingi huishia ampea 10, na paneli ya wati 400 inatoa 13, kwa hiyo kwa kubwa tumia kipimo cha kubana waya. Angalia pia kisanduku cha nyuma: kiwe kimefungwa vizuri na kiandikwe IP67 au IP68, alama za kuzuia maji na vumbi.

Kuisafirisha kuna taabu yake Goma, kwa sababu barabara zetu za mawe ya volkano zinatikisa. Kioo kinaweza kufika kizima na seli ndani zikawa zimepasuka nyufa zisizoonekana. Usiilaze juu ya pikipiki na usikalie juu yake. Isimamishe kwa ubavu, katikati ya magodoro mawili, iwe kwenye gari au hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inayokwenda pole. Ikifika gatini, kabla fundi hajatoboa tundu lolote, ipime tena juani na ulinganishe na namba ulizoandika dukani. Zikitofautiana sana wakati jua ni lilelile, irudishe siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mkononi.