Sosi nyepesi za saladi: ipi ununue Nairobi, kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho

Saladi ya kila siku hapa Nairobi haina makuu: kabeji iliyokatwa nyembamba, karoti ya kukwaruzwa, nyanya, kitunguu, tango, na parachichi likipatikana. Mama mboga wa mtaani anavyo vyote, na kabeji atakukatia papo hapo ukimwomba. Kazi huharibikia kwenye sosi. Bakuli la gramu 200 za kabeji lina kalori kama 50 tu, lakini ukilimwagia vijiko vitatu vikubwa vya mayonesi linapita 300.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kijiko kikubwa cha mafuta, yawe ya zeituni, ya alizeti au ya parachichi, kina kalori karibu 120. Mayonesi ya kawaida ina 90 hadi 100 kwa kijiko, kwa sababu sehemu kubwa ya mayonesi ni mafuta. Kijiko cha yogati isiyo na sukari kina kama 10. Maji ya ndimu, 3 au 4. Kinachoifanya saladi iwe tamu ni uchachu, chumvi kidogo na harufu ya majani mabichi. Mafuta huja kuzibeba ladha hizo na kuzishikisha kwenye mboga, na kwa kazi hiyo kijiko cha chai kwa kila mlaji kinatosha. Ushahidi uko kwenye kila meza ya nyama choma mjini: kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania, pilipili na ndimu huisha kabla ya nyama, na haina hata tone la mafuta.

Hata hivyo usiyaondoe mafuta kabisa. Mwili hufyonza vizuri zaidi karotini ya karoti na vitamini E na K za majani mabichi vikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Kwa hiyo nimezipanga sosi hizi kwa ladha kwanza, kisha wepesi, kisha bei na urahisi wa kuzipata.

Ya kwanza: yogati isiyo na sukari, au mala

Hii naiweka juu bila kusita, hasa kwa kabeji na karoti, ambako watu wengi wamezoea mayonesi. Inaleta ule ulaini wa mayonesi, inaleta uchachu wake yenyewe, na kalori zake ni kama sehemu moja ya kumi. Changanya nusu kikombe cha yogati na maji ya ndimu moja, kijiko cha chai cha mafuta, punje ya kitunguu saumu iliyopondwa, chumvi kidogo, pilipili manga, na dania nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Mnanaa ukipatikana, tia pia.

Ugumu uko kwenye kuinunua. Friji za supamaketi zimejaa yogati za stroberi, vanila na embe, na hata chupa isiyotajwa ladha yoyote inaweza kuwa imetiwa sukari. Usiamini rangi ya kifuniko. Geuza chupa usome viambato: unataka maziwa na bakteria wa kuchachusha, basi. Kisha tazama kiasi cha sukari kwa kila gramu 100. Maziwa yana sukari yake ya asili, kwa hiyo 4 au 5 ni sawa. Ukiona 10 au zaidi, hiyo ni ya kunywa na mkate, irudishe.

Usihangaike kutafuta isiyo na mafuta. Yogati ya maziwa kamili ina mafuta asilimia 3 hadi 4 hivi, kiasi ambacho kwenye kijiko hakikuumizi, na ladha yake ni nzito na ya kuridhisha zaidi. Ile iliyopunguzwa mafuta huwa nyembamba, na mara nyingine hutiwa wanga ili isimame. Yogati ya Kigiriki ni nzuri ikiwa imechujwa kweli, lakini bei yake ni ya juu, na kuchuja unaweza kufanya mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo mala inapoingia. Mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, iko kwenye karibu kila duka la mtaa, kuanzia Umoja hadi Kawangware, na kwa kawaida ni nafuu kuliko yogati. Hakikisha tu si ile iliyotiwa sukari. Kwa kuwa ni nyepesi, imimine kwenye kitambaa safi kilichotandazwa juu ya chujio, weka kwenye friji saa tatu hivi, nayo itakaza kiasi cha kukaa kwenye kijiko. Maji yaliyochuruzika yakandie unga wa chapati. Ikiwa mala ni chachu sana, punguza ndimu.

Ya pili: ndimu au siki, na mafuta kidogo

Wafaransa huweka sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. Kwa saladi ya kila siku, weka sawa kwa sawa, na ukali ukikushinda, nusu kijiko cha chai cha asali kitautuliza. Kijiko cha chai cha haradali ndicho kinachoyafanya mafuta na uchachu vishikane. Bila hicho vitatengana kabla hujafika mezani. Tia kwenye chupa ya jemu iliyooshwa, funga, tikisa kwa nguvu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kikigawanywa kwa watu watatu ni kalori 40 kila mmoja.

Wasiotumia maziwa waanzie hapa. Na kama una parachichi, acha mafuta kabisa: ponda robo ya tunda na ndimu na maji kidogo, na umepata sosi laini ya kijani.

Sokoni, ndimu ndogo zenye ganda jembamba na laini ndizo zenye maji. Zipime mkononi, ya uzito inashinda kubwa. Ikifika nyumbani, iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata. Msimu zikipanda bei, siki ndiyo mbadala, na hapa kuna la kuangalia: baadhi ya chupa za bei ya chini kabisa ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji, si siki iliyochachushwa. Ni kali, haina harufu nyingine. Inafaa kusafishia birika kuliko kutia kwenye nyanya. Siki ya tufaha ina ladha laini zaidi, lakini inunue kwa ladha hiyo; usilipe zaidi kwa ahadi za kupunguza tumbo zilizoandikwa chupani. Siki ya zabibu ni nzuri kwa maharagwe yaliyochemshwa na kupoa, mlo ambao nautetea popote.

Mafuta: mengi ya kupikia yanayouzwa kwa bei nafuu hapa yametokana na mawese. Kwa kukaangia ni sawa, kwa saladi hapana. Ikifika Julai, baridi ya Nairobi inapoyafanya yagande kwenye chupa, utayaona wazi, na ndivyo yatakavyogandia kwenye mboga zilizotoka kwenye friji na baadaye kwenye kaakaa lako. Chukua ya alizeti kwa kila siku. Ya zeituni yenye ladha halisi huwa kwenye chupa nyeusi au kopo. Nunua ndogo, uiweke mbali na jiko, umalize ndani ya miezi michache baada ya kuifungua. Mafuta ya parachichi yanayokamuliwa hapa Kenya nayo yanastahili nafasi, hasa kwa wanaoona ya zeituni ni machungu.

Ya tatu: ukwaju

Ajabu ni jinsi watu wachache wa mjini wanavyoutumia kwa saladi, ilhali unaota Ukambani na Pwani na unauzwa sokoni kwa mafungu. Loweka fungu dogo kwenye maji moto, vuruga, chuja. Tia jira iliyokaangwa kavu na kusagwa, chumvi, pilipili, na sukari guru kidogo. Hauna mafuta, kwa hiyo saladi iwe na parachichi au njugu. Kwa embe bichi na karoti, naupa ushindi juu ya sosi zote za hapa. Umeshuka nafasi ya tatu kwa sababu ya kazi ya kuuandaa tu. Kuna ukwaju uliokwisha kukamuliwa, wa chupa, lakini soma lebo: mwingi una sukari nyingi.

Ya nne: siagi ya karanga

Kijiko kikubwa kina kalori karibu 95, kwa hiyo wepesi wake unategemea mkono wako. Kijiko kimoja kikilainishwa kwa maji ya uvuguvugu, ndimu na tangawizi kinatosha watu watatu, na kinaigeuza kabeji kuwa mlo kamili. Nunua ile yenye karanga tupu, au karanga na chumvi. Mafuta yaliyoelea juu ni dalili njema, koroga. Usinunue isiyo na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Wengi hutia sosi ya soya humo. Kijiko kikubwa kimoja cha soya kina takriban nusu ya sodiamu ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asiizidi kwa siku, kwa hiyo matone yanatosha na chumvi uiache.

Ya tano: sosi za chupa za siki na mafuta

Hizi ni za mtu asiye na muda. Naivas, Carrefour na Chandarana wanazo, nyingi kutoka nje, na gharama yake ni ya safari ndefu. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo tazama vitatu vya mwanzo. Maji, siki, mafuta: chukua. Sukari ikiwa ya pili, acha. Linganisha chupa kwa safu ya gramu au mililita 100, si kwa kipimo cha mlo, maana kampuni moja huhesabu kijiko kimoja na nyingine viwili. Lebo ikitaja sodiamu, zidisha mara 2.5 upate chumvi; kikomo cha siku nzima ni gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Zinazofuata

Salad Cream ya Heinz, ambayo Waingereza wameijua tangu 1914, ni nyepesi kuliko mayonesi lakini ina sukari, na utamu wake hufunika ladha ya mboga. Mayonesi zilizoandikwa kuwa nyepesi hupunguza mafuta kwa kuweka maji na wanga, wakati mwingine na sukari. Ukiipenda, changanya nusu yake na nusu ya mala. Familia iliyozoea mayonesi hukubali haraka zaidi kwa njia hiyo kuliko kuondolewa ghafla.

Mwisho kabisa ni mayonesi kamili na ile ya waridi inayochanganywa na sosi ya nyanya, pamoja na sosi nzito za jibini. Ni za sherehe. Nunua chupa ndogo kabisa.

Yoyote utakayochagua, kausha mboga kwa kitambaa safi baada ya kuziosha. Majani yenye maji huifukuza sosi, nawe utaongeza nyingine bila sababu. Tia sosi dakika ya mwisho, isipokuwa kwa kabeji, ambayo hupenda kulainishwa na chumvi na ndimu nusu saa mapema. Kwa chakula cha kubeba kazini, sosi iwe kwenye kichupa chake. Ya yogati hukaa siku tatu kwenye friji. Yenye kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta usiiache nje ya friji hata siku moja, kwani bakteria hatari huweza kukua humo bila kubadilisha harufu. Na kama nyumbani hakuna friji, tengeneza ya ndimu, ya mlo mmoja kila mara.