Tikal, Guatemala: fuata jua, usifuate msafara

Nyota 4 kati ya 5 kwa magofu haya ya mji wa kale wa Wamaya. Iliyopungua ni ya tiketi ya alfajiri, inayouzwa kando na ile ya kawaida na kukulazimu uingie na mwongozaji. Hekalu la Nne, lenye kimo cha mita 65 hivi, linatazama mashariki, kwa hiyo watu hulikimbilia gizani. Lakini msitu huu una unyevu mwingi na ukungu hutanda, hasa Desemba hadi Februari. Wengi hushuka wamesikia kima wakinguruma, jua hawakuliona.

Ingia saa 12 asubuhi kwa tiketi ya kawaida, uanzie Kundi Q. Kwangu hapa ndipo penyewe. Piramidi mbili pacha, moja mashariki na moja magharibi, kila moja na ngazi pande zote 4, na juu hakuna hekalu. Kusini kuna jengo la milango 9. Kaskazini kuna ua usio na paa, na ndani yake jiwe la kusimama namba 22, ambalo mfalme Yax Nuun Ahiin II amechongwa akitawanya sadaka kwa mkono. Yote haya yalijengwa mwaka 771 kuadhimisha kutimia kwa k'atun, kipindi cha kalenda ya Wamaya cha siku 7,200, karibu miaka 20. Simama katikati ya uwanja: jua linachomoza upande wa piramidi moja na kuzama upande wa pacha wake. Asiyepaelewa hapa, huko mbele ataona majengo marefu tu.

Hekalu la Nne lipande mnamo saa 3, ukungu ukishainuka. Uwanja Mkuu uache hadi alasiri. Hekalu la Kwanza, mita 47, kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil likiwa chini yake, linatazama magharibi. Asubuhi uso wake uko kivulini na picha hutoka nyeusi. Kulipanda ni marufuku. Panda Hekalu la Pili lililo mkabala, kwa ngazi za mbao, saa 9 hivi.

Kutoka mji wa Flores ni kama saa moja na nusu kwa gari. Badilisha fedha hukohuko Flores, uje na quetzal taslimu. Beba maji lita 3 na dawa ya mbu. Viatu viwe na meno: mawe ya chokaa yenye kuvu huteleza vibaya baada ya mvua, na kushuka ndiko kunakoangusha watu. Anayetoka Kenya au Uganda asisahau cheti cha homa ya manjano.