Tailscale na Home Assistant: napandisha maji Bamburi nikiwa Mariakani

Wenzangu mlioweka vitu vya smati nyumbani na mnataka kuviona mkiwa mbali, someni hii kabla hamjaita fundi.

Nyumba yetu iko Bamburi, Mombasa, anakaa mamangu na dadangu mdogo, mimi kazi inanizungusha, leo Likoni kesho Mariakani. Maji ya mfereji kwetu yakija yanakuja usiku, yanajaza tangi la chini halafu lazima pampu iyapandishe juu, na pampu ikivuta hewa inaungua, tushaunguza moja. Ndo nikaweka Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba kwa simu, kwenye kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi 4, swichi ya waifai inayowasha kontakta ya pampu, ile swichi nzito ya umeme, na sensa kwa kila tangi. Ndani ya nyumba raha tupu, shida ni ukitoka getini tu simu haioni kitu.

Fundi wa kwanza alinifungulia poti 8123 kwenye ruta, yaani mlango wa Home Assistant ukawa wazi kwa intaneti nzima, dakika kumi kamaliza, akachukua pesa yake akaenda. Ikafanya kazi kweli. Wiki ya pili naingia nakuta arifa zimejipanga, kuna aliyejaribu kuingia na paswedi si sahihi, adresi siijui, chini yake nyingine, chini yake nyingine, zote za saa tisa usiku. Wallahi moyo ulinidunda, manake hapo ndani kuna kamera ya uani na mamangu yuko pale. Hizo ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila poti iliyo wazi, ndivyo programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 ilivyoteka makamera na maruta kwa malaki, kwa paswedi za kiwandani ambazo wenyewe hawakubadilisha. Na fundi hakuweka hata HTTPS, ile inayofunga mawasiliano yasisomwe njiani, yaani kila nikiingia kwa waifai ya hoteli paswedi yangu ilikuwa inapita waziwazi! Siku hiyohiyo nikafunga poti, nikabadilisha paswedi zote, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili.

Nikajaribu WireGuard yenyewe, hiyo ni VPN, njia ya siri ya kuunganisha simu na nyumba kupitia intaneti, nyepesi na ya kuaminika, lakini inataka angalau upande mmoja uwe na adresi yake ya wazi kwenye intaneti, na mimi nilikuwa nshahamia fiba ambayo wateja wengi tunachangia adresi moja, ndo hiyo CGNAT, kwa hivo haikufika popote.

Tailscale imejengwa juu ya WireGuard hiyohiyo, tofauti ni kwamba Pi yako na simu yako zote zinatoka zenyewe kutafutana, hakuna poti ya kufungua na CGNAT si neno. Unaiweka ndani ya Home Assistant kama programu jalizi, unaingia na akaunti yako ya Google, unaiweka kwa simu na akaunti hiyohiyo, basi. Kila kifaa kinapewa adresi inayoanza na 100, mi naandika hiyo na 8123 mwisho. Kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Njia ya moja kwa moja ikikosekana data inapitia seva zao za katikati, iko moja Nairobi, na hata hapo inabaki imefungwa kwa ufunguo ambao uko kwenye vifaa vyako tu. Nikiwa kwenye feri pale Likoni nabonyeza taa ya geti, dadangu ananiambia imewaka kabla sijashusha simu.

Sasa ya kuangalia. Ufunguo wa kila kifaa unaisha baada ya siku 180 usipozima hiyo setingi, izimeni kwa Pi mapema, manake ikiisha ukiwa safarini Pi inakatika hadi uishughulikie. Simu inakubali VPN moja tu kwa wakati, kwa hivo mwenye VPN ya kazini itabidi awe anabadilisha. Na akaunti ya Google ndo funguo ya nyumba sasa, ilindeni vizuri. Halafu ruta na Pi zipatieni UPS ndogo, ile betri ya akiba, stima ikipotea hakuna programu itakayokuokoa.

Kwa mzee asiyetaka kuwasha kitu kingine kwa simu iko Home Assistant Cloud ya kampuni ya Nabu Casa, hiyo ni ya kulipia kila mwezi lakini unaingia kama kawaida, na pesa inasaidia wanaoitengeneza. Mwenye kadi ya benki aifikirie. Mimi Tailscale naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya siku 180.

Juzi niko Mariakani, mchana, arifa inaingia tangi la juu asilimia 11. Nikafungua, nikaona la chini limejaa, nikawasha pampu, namba ikaanza kupanda polepole, 14, 19, 26. Nikampigia mamangu nimuulize kama maji yanatoka, akanijibu, "Yanatoka mwanangu, kwani yalikuwa yamekatika?"