Jiko la moshi la umeme katika ua wa Dodoma: tathmini baada ya kiangazi kizima

Kwa miezi kumi sasa nimekuwa nikipika nyama, kuku na samaki uani kwangu, hapa Kisasa jijini Dodoma, kwa jiko la moshi linalotumia umeme. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wanaojiuliza kama chombo hiki kinastahili gharama yake katika mji ambao kila mtaa una mchoma nyama na karibu kila nyumba ina jiko la mkaa. Jibu langu ni kwamba kinastahili, lakini kwa kazi yake maalumu, yaani kupika polepole kwa joto dogo lisiloyumba, kazi ambayo mkaa katika upepo wetu huifanya kwa taabu kubwa. Anayetaka mishikaki ya dakika ishirini aendelee na mkaa wake, na mimi mwenyewe sijautupa wangu.

Jiko lenyewe ni kabati la chuma lenye kimo cha friji ndogo, kuta zake zikiwa mbili na katikati yake mkiwa na kizuia joto. Chini kuna koili ya wati 800, juu ya koili kuna kisahani cha vibanzi vya mti, kisha bakuli la maji, halafu nyavu nne za kupangia nyama, na juu kabisa tundu la kutolea moshi ambalo hufunguliwa au kubanwa kwa mkono. Themostati huiwasha na kuizima koili ili joto libaki pale ulipolipanga, na kwa jiko langu kikomo cha juu ni nyuzi 135 za Selsiasi. Kinachopika ni umeme, na mti unatoa moshi tu, ndiyo maana konzi tatu au nne za vibanzi hutosha kwa mlo wa familia nzima. Chapa sitaitaja, kwa kuwa majiko ya aina hii yanafanana sana kwa umbo na kwa utendaji, na ninachopima hapa ni aina, si nembo.

Nianze na upepo, kwa sababu ndio ulionifanya nilitafute jiko hili. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa kiangazi, unaobeba vumbi jekundu na kuvuma mchana kutwa bila kupumzika. Kabla ya hapo nilikuwa nikitumia pipa lililokatwa nusu. Upepo ulipozidi, makaa yaliwaka kwa ukali hadi nyama ikaungua nje na kubaki mbichi ndani, na ulipotulia yalijifunika jivu na joto likashuka, nami nikalazimika kupepea upya. Kupika paja la mbuzi kwa saa tano kwa namna hiyo kulimaanisha kusimama uani saa tano, nikiwa na mfuniko wa sufuria mkononi kama kinga. Jiko la umeme limefungwa pande zote, mlango wake una mpira wa kuziba, na kwa kuwa nimeliweka nyuma ya ukuta wa stoo, upepo hauligusi sana. Nililipima kwa kipimajoto kingine siku ya upepo mkali wa Agosti: nilikuwa nimelipanga kwenye nyuzi 107, na kwa saa sita joto lilipanda na kushuka kati ya 101 na 114 tu. Siku hiyo nilifua, nilisimamia masomo ya watoto, na nililifungua jiko mara chache kuongeza vibanzi na maji.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, niliiona kwenye nyama ya ng'ombe. Ng'ombe wengi wa Ugogo ni wa asili, wenye nundu, wanaotembea mbali kutafuta malisho na maji, na nyama yao ina ladha ambayo sijaipata kwa ng'ombe wa kufungiwa, lakini ni ngumu na haina mafuta mengi. Ugumu huo unatokana kwa sehemu kubwa na kolajeni, yaani ile nyuzi nyeupe inayoshikilia misuli, ambayo mnyama anayetembea sana huwa nayo kwa wingi na iliyo imara. Moto mkali huikaza kolajeni hiyo na kuikamua nyama maji yake, ilhali joto dogo la muda mrefu huigeuza taratibu kuwa kitu laini chenye utelezi, kile kile kinachogandisha supu ya kongoro ikipoa. Kwa sababu hiyo kidari, ambacho wengi wetu hukinunua kwa ajili ya kuchemsha tu, ndicho kipande kinachofaa jiko hili kuliko vyote.

Kidari cha kwanza nilikinunua mnadani Msalato siku ya Jumamosi, kilo tatu, nikakipaka chumvi na pilipili manga usiku na kukiacha kwenye friji hadi alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi kiliingia jikoni kikiwa bado baridi, jambo ambalo ni muhimu, kwa kuwa moshi hushika vizuri zaidi kwenye nyama baridi yenye unyevu kuliko kwenye nyama iliyokwisha kupata joto na kukauka juu. Kwa saa tatu za mwanzo niliongeza vibanzi kila baada ya dakika arobaini na tano, na baada ya hapo sikuongeza tena. Kisha likatokea jambo ambalo humfanya mwenye jiko jipya adhani limeharibika: joto la ndani ya nyama lilipofika nyuzi 68 lilisimama hapo kwa zaidi ya saa mbili, ingawa jiko lilikuwa linafanya kazi kama kawaida. Sababu yake ni ile ile inayoufanya mtungi wa udongo upoze maji ya kunywa. Unyevu unaotoka kwenye nyama na kugeuka mvuke huondoka na joto, na katika hewa kavu ya hapa hali hiyo huonekana wazi zaidi. Dawa yake ni kuifunga nyama kwa karatasi ya alumini, ili mvuke usitoke, na joto huanza kupanda tena.

Hapa ningependa kuongeza jambo ambalo mapishi kutoka Marekani hayatakuambia. Maelekezo mengi yanataka kidari kifike nyuzi 95 ndani. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hivyo kuifikisha nyama isiyo na mafuta mengi kwenye 95 ni karibu sawa na kuichemsha ndani kwa ndani. Mimi huishia kwenye 92, kisha huiacha ipumzike kwa saa moja ikiwa bado imefungwa. Kidari hicho tulikila saa kumi jioni, kikikatika kwa uma bila kisu, na baba mkwe wangu, ambaye meno yake hayamruhusu tena kula nyama choma, aliomba kipande cha pili.

Kuhusu gharama ya kukitumia, nilisoma mita kabla na baada. Koili ya wati 800 ikiwaka mfululizo kwa saa tisa ingekula uniti 7.2, lakini kwa kuwa themostati huizima mara kwa mara, zilitumika uniti 4.6. Kwa sisi ambao shilingi 1,000 za Luku hutupatia takriban uniti 2.8, hiyo ni kama shilingi 1,640. Kazi kama hiyo kwenye pipa langu ilikuwa ikimaliza debe zima la mkaa na zaidi. Mkoa wetu ni mkame na miti yake ni ya kuhesabika, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, kwa hiyo ninaona fahari kwamba mlo unaohitaji saa tisa za moto unaweza kupikwa uani kwangu bila gunia la mkaa kuletwa kutoka porini. Isitoshe, mafuta ya nyama hudondokea kwenye trei na si kwenye makaa, hivyo ule moshi mweusi wa mafuta yanayoungua, ambao huacha kwenye nyama kemikali zisizofaa kwa afya, hupungua sana.

Vibanzi havihitaji kuagizwa kutoka mbali. Dodoma ni nchi ya zabibu, na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na kupogolewa kila msimu. Matawi yake yaliyokauka hutoa moshi mwepesi, wenye harufu tamu, unaofaa kuku na samaki. Tahadhari ni kwamba mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu na wadudu, kwa hiyo mimi huchukua matawi manene ya zamani, huyamenya maganda, na kuyaanika miezi kadhaa kabla ya kuyakata. Kwa nyama ya ng'ombe na mbuzi hutumia mwembe au mpera. Mwarobaini siutumii, kwa kuwa ni mti wa uchungu, wala mabaki ya mbao zilizopakwa rangi au dawa. Mnyaa, ambao wengi tunao kama uzio, usiukaribishe kabisa kwenye moto wa chakula, kwa maana utomvu wake ni sumu na moshi wake huwasha macho na koo.

Samaki wamenifundisha mpaka wa chombo hiki. Perege wa Bwawa la Mtera, wanaoletwa kwa barabara ya Iringa, niliwaloweka kwenye maji ya chumvi kwa saa mbili, nikawaanika kivulini hadi ngozi ikawa kavu na yenye kunata kidogo, kisha nikawapika kwa saa tatu kwenye nyuzi 90. Walikuwa watamu, laini, na wenye rangi ya dhahabu. Mama mkwe wangu, aliyekulia kwenye samaki wa kubanika, alimgeuza mmoja mkononi, akambonyeza mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, huyu ameiva lakini hajakauka. Wa kwetu tunamweka mwezi." Alikuwa sahihi. Samaki wa kubanika hukaushwa siku nzima au zaidi hadi maji yamtoke, na ukavu huo ndio unaomhifadhi. Samaki wa jiko hili amepikwa kwa moshi tu, na bado ana maji, hivyo lazima akae kwenye friji na aliwe ndani ya siku chache. Asiye na friji asidhani kwamba rangi ya moshi ni hifadhi.

Upungufu mwingine ni moshi wenyewe. Koili huchoma vibanzi taratibu, na hewa inayopita ni kidogo, kwa hiyo harufu ya moshi ni nyepesi kuliko ya nyama iliyopikwa kwa kuni, na ule utepe mwekundu unaoonekana chini ya ngozi ya nyama ya moshi wa kuni hapa hautokei, kwa sababu huletwa na gesi za moto wa kuni au mkaa. Ngozi ya kuku nayo haikauki vizuri kwenye nyuzi 135. Kuku wa kienyeji, ambaye ngozi yake ni nene, mimi humpika kwenye jiko hili hadi paja lifike nyuzi 74 ndani, kisha humpitisha kwenye mkaa kwa dakika tano au sita. Kwa njia hiyo anakuwa laini hadi mfupani na ngozi inabaki yenye kukatika.

Umeme ukikatika, kabati hutunza joto kwa muda. Mara moja ulikatika kwa saa nzima na joto likashuka kutoka 107 hadi 70, na nyama haikupata madhara. Tatizo ni kwamba majiko yenye vitufe na kioo cha tarakimu mengi hayaanzi yenyewe umeme unaporudi. Kama mwenyewe yupo sokoni, nyama itabaki katika joto la vuguvugu ambalo vijidudu hulipenda. Kwa hiyo ningemshauri mnunuzi achague lenye kitasa cha kuzungusha, ambacho hubaki pale kilipowekwa.

La muhimu kuliko yote wakati wa kununua ni volti. Majiko mengi ya aina hii yalitengenezwa kwa soko la Marekani, kwa umeme wa volti 120, na wa kwetu ni volti 230. Koili ya wati 800 ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu itavuta karibu wati 2,900, na itaungua au kuwasha moto. Soma bati lililo nyuma ya jiko kabla ya kulipa. Kama ni la volti 120, hesabu na bei ya transfoma ya kutosha. Soketi ya nje iwe na erthi, waya wa kuunganishia uwe mnene, na kati ya Desemba na Aprili jiko lifunikwe au lihamishiwe chini ya paa lililo wazi pande zote. Ndani ya nyumba lisiwashwe kamwe, kwa kuwa vibanzi vinavyofuka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Siku ya kwanza liwashwe tupu kwa saa tatu ili mafuta ya kiwandani yaungue. Usafi ni trei na bakuli tu.

Bei yake si ndogo, na fedha niliyotoa ingeninunulia mbuzi kadhaa wazima mnadani. Kwa nyumba inayopika nyama ya moshi mara mbili kwa mwaka singeishauri. Kwetu, tunaowapikia wageni karibu kila mwisho wa wiki, jiko limefanya kazi zaidi ya mara thelathini, na tayari nimezungumza na mkulima mmoja wa Mpunguzi aniwekee matawi ya mzabibu atakapopogoa baada ya mavuno yajayo.