Kibao cha pointi za treni ndogo: fungua nyuma kabla hujalipa

Masika haya wenzangu wa treni za mezani, wa Shangani na Malindi hapa Unguja mpaka Mkoani kule Pemba, wananiletea lalamiko moja: kibao cha vitufe vya kugeuzia pointi, yaani pale reli inapogawanyika njia mbili, kilikuwa kizima; sasa ukibonyeza, pointi haigeuki, au inageuka upande mmoja tu. Wote wanalaumu mota. Haya, kigeuze kibao utazame nyuma. Ule ukoga wa kijani kwenye shaba ni chumvi.

Wauzaji watakusifia taa, rangi na wingi wa vitufe. Hayo unayaona mwenyewe. Uliza jambo moja: ncha zinazogusana ndani ya swichi zimefungwa au ziko wazi? Huku upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini. Mota ya kugeuza polepole kama Tortoise inakula takriban miliampea 15 tu, na umeme mdogo namna hiyo hauwezi kupasua ukoga. Uchafu kidogo, pointi kimya. Mota ya koili inataka pigo kubwa la mara moja. Kitufe kikiganda kwa kutu kikabaki chini, koili inaungua.

Kwangu cha kwanza, tena kwa mbali, ni kibao cha kujitengenezea kwa swichi za kikono za NKK ya Japani, zile zilizozibwa kwa mpira. Kwa Tortoise chukua ya miguu sita inayobaki ulipoiweka, ncha zake za dhahabu. Kwa koili chukua ya kujirudisha katikati, ncha za fedha, maana dhahabu haistahimili pigo lile. Nyuma yake weka kifaa cha kapasita: kinatoa pigo moja kisha kinatulia, hata kidole kikisahau. Reli ichore juu ya bati, toboa, funga. Fundi redio yeyote wa Darajani atakulehemia.

Cha pili ni cha kampuni ya Kato, kama reli zako ni zao, zile za Unitrack. Kile kiswichi chao cha buluu unachomeka tu, huhitaji kulehemu, ila kila pointi inataka chake. Cha tatu ni dikoda ya kidijitali, kifaa kinachopokea amri na kugeuza pointi, kama DS64 ya Digitrax, inayoendesha pointi nne. Nzuri, lakini ni ya mwenye mfumo wa kidijitali tayari, na mwenye pesa.

Vitufe vya mafungu sokoni ni vya taa za harusi.

Sasa bei. Swichi inatoka kwao kwa bei ya kawaida, ikifika bandarini imebeba nauli ya ndege, ya boti, ushuru, na “gharama za ofisi” ambazo wakala haziandiki kwenye risiti. Mmoja alinitoza kifuko cha swichi kana kwamba nimeagiza betri ya gari. Nilipouliza, akanambia vitu vya watoto ndivyo vilivyo. Watoto! Kisiwa hiki kilikuwa na treni yake ya Bububu mwaka 1905, leo anayetaka kuijenga juu ya meza anaonekana anacheza. Agizeni watu watatu au wanne kwa kifurushi kimoja, na bei ya kilo mwandikishiane kabla mzigo haujatoka Dar.