Festa della Sensa, Venice: kaa San Nicolò, usikae San Marco

Wengi wanaokwenda Venice kutazama Festa della Sensa, sherehe ya jiji kuioa bahari kwa kutupa pete majini, huona nusu tu ya shughuli. Hujipanga San Marco, wakaona msafara wa vyombo ukiondoka asubuhi, wakadhani yamekwisha. Pete haitupwi pale. Hutupwa kwenye mlango wa bandari wa kisiwa cha Lido, mbele ya kanisa la San Nicolò, Jumapili inayofuata Sikukuu ya Kupaa Bwana.

Panda boti ya abiria San Zaccaria, mstari 5.1, ushuke Santa Maria Elisabetta huko Lido, kisha fuata ukingo wa laguna kuelekea kaskazini, kama dakika 25 kwa miguu. Nenda mapema, maana msafara ukipita boti za abiria huweza kusimamishwa au kugeuzwa njia. Tiketi ya safari moja ni yuro 9.50 kwa dakika 75, ya saa 24 ni yuro 25. Ukipanda mara tatu, ya saa 24 ni nafuu. Igusishe kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Usiyelala Venice, angalia pia kama siku hiyo ina ada ya kuingia jijini, iliyoanza 2024.

Kutupa pete kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Meya huwa ndani ya Serenissima, chombo cha sherehe, na kutoka nchi kavu utaona mkono tu, kwa hiyo chukua darubini. Uhondo halisi ni makasia. Wavutaji husimama, nyuso zikielekea omo, yaani mbele ya chombo, na kishwara chao cha mbao kiko wazi upande mmoja: mgeni wa kazi akikosea kukandamiza, kasia huchomoka. Upepo wa baharini ukiinua mawimbi pale mlangoni, ndipo unapomjua fundi.

Desturi inakumbuka safari ya Pietro II Orseolo, Doge (mtawala) wa Venice, kwenda Dalmatia mwaka 1000. Pete huhusishwa na Papa Alexander III, 1177. Bucintoro, chombo cha fahari cha Doge, ya mwisho ikiwa ya 1729, ilikuwa na makasia 42, kila moja watu wanne. Wanajeshi wa Ufaransa waliichoma 1798, na sherehe ilifufuliwa 1965. Serenissima ni ndogo mno mbele yake, hilo lisikuvunje moyo: mfano wa Bucintoro umo katika Museo Storico Navale, makumbusho ya mambo ya bahari, karibu na Arsenale, karakana ya zamani ya meli.

Baada ya pete kutupwa usikimbilie boti ya kurudi. Foleni huwa ndefu, na mashindano ya makasia bado.